Darajani Pasipo Daraja: Mji Mkongwe na Ng'ambo ya Unguja

Mji wa Unguja husomwa kwa miguu. Atokaye Forodhani akapita Kiponda na Mkunazini, kisha akavuka barabara kuu hadi Vikokotoni, amekwenda mwendo mfupi mno, lakini ametoka mji mmoja na kuingia mwingine. Mahali pa kuvukia paitwa Darajani, wala hapana daraja. Zamani palikuwa na hori la bahari lililotenga upande wa mawe na upande wa mashariki. Hori hilo lilifukiwa hatua kwa hatua katika karne ya 20, ikapita barabara. Maji yametoweka, jina la Ng'ambo lingalipo.

Majina ya mitaa nayo ni kumbukumbu ambazo wanaisimu wameziacha mno kwa waongoza watalii. Mkunazini, Kikwajuni, Miembeni na Michenzani yataja miti. Vikokotoni yataja kokoto. Kisiwandui yaunganisha kisiwa na ndui katika neno moja.

Upande wa mawe, sanaa iko mlangoni. Milango ya kale ya mtindo wa Kiarabu ina kizingiti cha juu kilichonyooka. Iliyochongwa baadaye kwa athari ya Kihindi huwa na tao. Miimo hupambwa kwa minyororo, samaki na mitende, na mfaa husimama katikati ya mbao mbili. Mgeni huupiga picha mlango, akadhani ameiona sanaa ya Unguja yote.

Dhana hiyo ina kasoro kubwa, na taarabu yatosha kuionyesha. Muziki huo ulilelewa jumbani. Yasimuliwa kwamba Seyyid Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888, alimpeleka Mohamed Ibrahim Misri akajifunze muziki. Na chama cha Ikhwani Safaa, kilichoanzishwa 1905, kiliimba kwanza kwa Kiarabu. Aliyeifanya taarabu izungumze Kiswahili mbele ya umma mpana ni Siti binti Saad, mzaliwa wa shamba la Fumba, aliyewahi kuuza vyungu. Kundi lake liliimba Ng'ambo, kati ya watu ambao katika miaka ya 1920 waligombana na wenye ardhi juu ya kodi ya viwanja hata wakagoma kulipa. Wimbo wake wa "Kijiti" ulisimulia mauaji ya mwanamke, mshukiwa akatorokea Bara, mashahidi wakaadhibiwa. Hapo wimbo ulikuwa umeacha kusifu kasri, ukaanza kuihoji mahakama. Mwaka 1928 Siti alikwenda Bombay kurekodi santuri, na lugha ya mitaa ya udongo na makuti ikasikika pwani nzima.

Baada ya Mapinduzi ya 1964, serikali ya Karume ilikusudia kuijenga Ng'ambo upya. Kwa msaada wa Ujerumani Mashariki yakainuliwa majengo marefu ya ghorofa ya Michenzani, yaliyonyooka kama rula, nayo nyumba nyingi zenye baraza zikabomolewa kupisha barabara. Wengi huyadharau kwa ubapa wake. Hata hivyo nayo ni maandishi ya zama zake, kama ilivyo Beit al-Ajaib ya 1883, ambayo sehemu yake iliporomoka Desemba 2020.

Mwaka 2000 UNESCO iliuandikisha Mji Mkongwe katika Urithi wa Dunia. Mitaa ya Ng'ambo alimoimba Siti haikuingizwa katika eneo hilo.