Swali Ambalo Tume ya Mfalme Haikuliuliza: Historia Fupi ya Tiba ya Hipnosisi

Likitajwa neno hipnosisi, wengi wetu hufikiria mazingaombwe: mtu jukwaani anayeamuru, na mwenzake anayelala. Kwa sababu ya picha hiyo, wasomi hulidharau jambo hili na wengine huliogopa. Mimi ni mwalimu wa historia, si tabibu. Ninaliandika kwa kuwa historia yake ina funzo pana kuliko tiba yenyewe: jinsi mamlaka na wataalamu wanavyoweza kutoa jibu sahihi kwa swali lisilotosha.

Mwaka 1784, Mfalme Louis wa 16 wa Ufaransa aliunda tume kuchunguza madai ya tabibu Franz Anton Mesmer. Mesmer alifundisha kwamba viumbe vyote hupitiwa na mkondo wa sumaku usioonekana, kwamba ugonjwa ni kuziba kwa mkondo huo, na kwamba yeye anaweza kuuzibua. Mbele yake wagonjwa walitetemeka, walilia, walizirai, na baadhi walisema wamepona.

Tume hiyo ilikuwa na vigogo wa elimu: Benjamin Franklin, mwakilishi wa Marekani, Lavoisier, mwanakemia, Bailly, mwanafalaki, na daktari Guillotin. Mesmer alikataa kuchunguzwa, hivyo wakamchunguza mfuasi wake, Deslon. Katika bustani ya Franklin, Deslon alitia “sumaku” mti mmoja. Kijana wa miaka 12, aliyefungwa kitambaa machoni, akaongozwa kutoka mti hadi mti. Alizirai kwenye mti wa nne, ambao Deslon hakuwa ameugusa. Mwanamke mmoja naye alipatwa na kifafa cha tiba hiyo kwa kupewa kikombe cha maji ya kawaida, kisha akanywa kwa utulivu maji yaliyotiwa sumaku bila kujulishwa.

Naam, hilo ni jaribio lililofanywa kwa ustadi. Tume iliamua kwamba mkondo wa sumaku haupo, na kwamba kilichotenda kazi ni fikra ya mgonjwa mwenyewe. Uamuzi huo ulikuwa wa kweli. Lakini Deslon alikuwa na hoja ambayo haikupewa uzito: ikiwa fikra inaweza kuutikisa mwili kiasi hicho, kwa nini tusiichunguze fikra na kuitumia kutibu? Tume ilikuwa imeulizwa kama sumaku ipo. Haikuulizwa kama mgonjwa anaweza kunufaika. Kwa hiyo jalada likafungwa.

Aliyelifungua upya ni James Braid, daktari mpasuaji wa Manchester, Uingereza. Mwaka 1841 alikwenda kutazama maonyesho ya usumaku akiwa na shaka. Alirudi akiwa ameshawishika kwamba hali ile ni ya kweli, ila maelezo yake ni ya uongo. Aligundua kwamba mtu akikazia macho na akili kitu kimoja, anaweza kuingia katika hali hiyo bila nguvu yoyote kutoka kwa mganga. Ni yeye aliyelieneza jina linalotumika leo, kutokana na neno la Kiyunani lenye maana ya usingizi, ingawa hali yenyewe si usingizi.

Miaka hiyohiyo, huko Bengal, James Esdaile, daktari wa Kampuni ya Uingereza ya India Mashariki, alikuwa akipasua wagonjwa waliotulizwa kwa njia hii, wengi wao wakiwa na uvimbe mkubwa wa korodani, maradhi ambayo watu wa pwani yetu wanayafahamu vyema. Aliripoti kwamba wengi hawakuonyesha maumivu. Wanahistoria wa tiba humsifu. Mimi huongeza swali moja: mgonjwa wake wa kwanza, mwaka 1845, alikuwa mfungwa. Je, mfungwa wa koloni angeweza kusema hapana? Baada ya muda mfupi nusukaputi ya etha na klorofomu iliingia hospitalini, na tiba ya Esdaile ikasahaulika.

Ilibidi ifike mwaka 1955 ndipo Chama cha Madaktari cha Uingereza kikakubali rasmi kwamba hipnosisi ina nafasi katika tiba. Wenzao wa Marekani walifuata mwaka 1958. Na mwaka 1984, miaka 200 kamili baada ya tume ya Mfalme, madaktari wa Manchester, mji uleule wa Braid, walichapisha matokeo ya jaribio la wagonjwa 30 waliosumbuliwa na tumbo kwa muda mrefu: maumivu, kujaa gesi, kuharisha au kufunga choo, na dawa hazikuwasaidia. Waliotibiwa kwa hipnosisi walipata nafuu kubwa kuliko waliopewa ushauri na vidonge visivyo na dawa. Tiba yenyewe haina uchawi. Mgonjwa hutulizwa, huweka mkono tumboni ahisi joto, na huongozwa kuyaona matumbo yake kama mto unaotiririka taratibu. Anasikia kila neno, na anaweza kuinuka akipenda. Tangu mwaka 2008, mwongozo wa afya wa Uingereza umeitaja miongoni mwa tiba za kufikiriwa pale dawa zinaposhindwa kuleta nafuu kwa miezi 12.

Hata hivyo, kilichothibitishwa kwa tumbo hakijathibitishwa kwa kila kitu. Hipnosisi haiondoi saratani wala haiui vijidudu. Wala si ufunguo wa kumbukumbu: mtu aliye katika hali hiyo anaweza kupandikizwa kumbukumbu ya jambo lisilotokea na kuliamini kwa dhati. Ndiyo maana mwaka 1982 Mahakama ya Juu ya California ilikataa ushahidi wa mashahidi waliochochewa kumbukumbu kwa njia hiyo.

Tume ya 1784 iliandika pia ripoti ya siri kwa Mfalme, ikionya kwamba mwanamke anayetulizwa na tabibu mwanamume anaweza kudhulumiwa. Onyo hilo halijapitwa na wakati. Kwa hiyo, ndugu msomaji, ukiahidiwa tiba hii, muulize anayekuahidi: Umesomea udaktari au saikolojia wapi? Kwa ugonjwa wangu, imejaribiwa? Naweza kuja na ndugu yangu? Na akikuambia uache dawa za hospitali, ondoka.

Kukataa maelezo ya uongo ni wajibu wa msomi. Lakini kazi haiishi hapo, kwani mgonjwa aliyepata nafuu bado anasubiri kuelezwa kwa nini. Paris ilimwacha asubiri karne mbili.