Ukanda wa uhakika (grafu)

Ukanda wa uhakika ni eneo lenye kivuli linalochorwa juu na chini ya mstari wa grafu ili kuonyesha jinsi makadirio yanavyoweza kuwa mbali na thamani halisi kwa sababu waliopimwa ni sampuli tu, si watu wote. Ukingo wa juu wa ukanda huitwa mpaka wa juu, na ule wa chini huitwa mpaka wa chini. Ukanda mwembamba unamaanisha makadirio yaliyo imara. Ukanda mpana unamaanisha kwamba data ni chache au zinatofautiana sana.

Ukanda huu hutumika katika afya ya jamii, uchumi, kilimo na elimu ya hali ya hewa. Programu nyingi za kuchora grafu huweza kuutengeneza, lakini si zote zinazokokotoa mipaka yenyewe.

Maana ya asilimia 95

Kwa kawaida mipaka huwekwa kwa kiwango cha asilimia 95. Maana yake ni kwamba kama utafiti ungerudiwa mara nyingi kwa njia ileile, na kila mara mipaka ikakokotolewa upya, takriban mara 95 kati ya 100 thamani halisi ingekuwa ndani ya mipaka hiyo. Haimaanishi kwamba asilimia 95 ya watu wamo ndani ya ukanda, ingawa kosa hilo la kusoma ni la kawaida sana.

Nadharia ya mipaka hiyo ilielezwa na mwanahisabati Jerzy Neyman mwaka 1937. Kabla yake, mwaka 1929, Holbrook Working na Harold Hotelling walikuwa wameonyesha namna ya kuzungushia ukanda mstari wa mwelekeo. Mwaka 1996 Benki Kuu ya Uingereza ilianza kuchora utabiri wa mfumuko wa bei kwa vivuli vinavyopanuka kama upepeo kadiri miaka inavyosonga mbele.

Mfano wa Mkoa wa Njombe

Mkoa wa Njombe nchini Tanzania, wenye miji ya Njombe na Makambako na vijiji vya milimani kama Ikonda wilayani Makete, umekuwa na kiwango cha juu cha maambukizi ya VVU kuliko mikoa mingine katika tafiti za kitaifa. Utafiti wa 2011-12 ulionyesha asilimia 14.8, ule wa 2016-17 asilimia 11.4, na ule wa 2022-23 asilimia 12.7. Mtu akiunganisha nukta hizo tatu kwa mstari, ataona mteremko na kisha mpando, na atasema kwamba maambukizi Njombe yalishuka halafu yakapanda tena. Kauli hiyo ni nzito: inagusa bajeti, dawa na jina la mkoa mzima. Mstari peke yake hautoshi kuithibitisha.

Kwa kuonyesha hesabu tu, ichukuliwe kwamba katika kila utafiti wa miaka ya karibuni walipimwa watu 600 mkoani humo (idadi hii ni ya mfano, si ya ripoti). Kosa sanifu la asilimia hupatikana kwa kuzidisha sehemu ya walioambukizwa kwa sehemu ya wasioambukizwa, kugawanya kwa idadi ya waliopimwa, kisha kutafuta kipeuo cha pili. Kwa asilimia 12.7 jibu ni karibu 1.36. Likizidishwa kwa 1.96 linatoa 2.7, hivyo mipaka inakuwa asilimia 10.0 na 15.4. Kwa asilimia 11.4 mipaka inakuwa karibu 8.9 na 13.9.

Kanda hizo mbili zinapishana kwa sehemu kubwa. Hata hivyo kupishana si kipimo sahihi cha kulinganisha, kwa kuwa kanda mbili zinaweza kupishana kidogo huku tofauti ikiwa ya kweli. Njia bora ni kukokotoa mipaka ya tofauti yenyewe. Hapa tofauti ni 1.3, na mipaka yake ni kuanzia -2.4 hadi 5.0. Sifuri imo ndani. Kwa hiyo data za mfano huu haziwezi kusema kama kiwango kilipanda, kilibaki palepale au hata kilishuka.

Katika uhalisia ukanda huwa mpana zaidi ya hapo. Tafiti za kaya huchagua kwanza maeneo ya kuhesabia watu, kisha kaya ndani ya maeneo hayo, na majirani hufanana kuliko watu waliotawanyika mkoa mzima. Kama mfumo huo unaongeza mraba wa kosa sanifu kwa mara 1.5, mipaka ya asilimia 12.7 inakuwa 9.4 na 16.0. Programu isiyoelezwa kuhusu mfumo wa sampuli itachora ukanda mwembamba kupita kiasi bila kutoa onyo lolote.

Kuna jambo jingine ambalo kivuli hakiwezi kulitibu. Takwimu ya 2011-12 ni ya watu wa miaka 15 hadi 49, wakati zile mbili zilizofuata ni za miaka 15 na zaidi, hivyo kuziweka kwenye mstari mmoja ni kulinganisha makundi tofauti. Tena Njombe ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Iringa hadi mwaka 2012. Anayetaka kurudisha mstari hadi tafiti za 2003-04 na 2007-08 atakuwa anachora Iringa ya zamani, na inafaa aukate mstari mahali hapo. Hatimaye, kiwango cha maambukizi huhesabu wote wanaoishi na VVU. Dawa za kufubaza virusi zinaporefusha maisha, kiwango kinaweza kukaa juu ingawa maambukizi mapya yanapungua.

Kuchora kwa programu

Katika lugha ya R, kifurushi cha ggplot2 hutumia amri ya geom_ribbon, inayodai safu mbili za mipaka, yaani ymin na ymax. Ukanda huandikwa kabla ya geom_line ili mstari ukae juu ya kivuli. Amri ya geom_smooth huchora ukanda wa asilimia 95 yenyewe, lakini ukanda huo ni wa mstari wa mwelekeo uliokadiriwa na programu, si wa kila nukta ya utafiti.

Katika Python, Matplotlib ina amri ya fill_between, inayojaza rangi kati ya mipaka miwili. Kifurushi cha seaborn hukokotoa ukanda chenyewe pale ambapo kila mwaka una vipimo vingi. Kikipewa asilimia moja tu kwa kila mwaka hakina cha kukokotoa, na kivuli hakitokei. Wanafunzi wengi hudhani programu imeharibika.

Excel haina kitufe cha ukanda. Hutengenezwa safu ya mpaka wa chini na safu ya tofauti kati ya mpaka wa juu na wa chini, kisha zote mbili huchorwa kama grafu ya maeneo yaliyopangwa moja juu ya jingine. Eneo la chini huondolewa rangi, la juu hupewa rangi hafifu, na mstari wa makadirio huongezwa juu yake. Mhimili wa miaka unapaswa kuwa wa tarehe, la sivyo miaka mitano na miaka sita itaonekana kuwa na urefu sawa.

Kivuli hupewa uwazi wa karibu asilimia 20 ili gridi na mistari mingine ionekane.

Mipaka ya matumizi

Ukanda unaofaa ni ule wenye data kila mwaka au wenye modeli inayokadiria miaka ya katikati, kama makadirio ya kila mwaka ya UNAIDS kwa nchi. Kwa tafiti tatu zilizopishana miaka mitano au sita, kivuli kati ya nukta kinadai maarifa ambayo hakuna aliyeyakusanya. Hapo vijiti vya wima juu ya kila nukta ni vya ukweli zaidi, hata kama havipendezi.

Pale ambapo kiwango ni kidogo sana, kama Zanzibar ambako kipo chini ya asilimia 1, hesabu ya kawaida inaweza kutoa mpaka wa chini ulio hasi. Kwa mfano, asilimia 0.4 kati ya watu 400 hutoa -0.2, jambo lisilowezekana. Njia ya Edwin Wilson ya mwaka 1927 huepuka tatizo hilo.

Ukanda hupima kosa la sampuli pekee. Hospitali kama ile ya Konsolata iliyopo Ikonda hupokea wagonjwa hata kutoka nje ya Makete, na wanaofika hospitalini si picha ya kijiji. Grafu ya vipimo vya hospitali ya namna hiyo inaweza kuwa na ukanda mwembamba sana, kwa kuwa waliopimwa ni wengi, na bado ikawa mbali na kiwango halisi cha watu wa eneo hilo.