Rangi ya Joto na Halijoto ya Mwanga: Chungwa Ukutani Katika Nchi ya Majani Chai

Anayeingia hadiwea mjini Kericho kununua rangi ya sebule hukutana na neno joto mara mbili. Kwanza ni kwenye kadi ya rangi, ambako chungwa, manjano na nyekundu zimekusanywa pamoja kama rangi zenye joto. Kisha ni kwenye boksi la balbu, palipoandikwa namba na herufi K: 2700, 4000, 6500. Hapo mnunuzi hupotea. Balbu ya 6500, yenye namba kubwa kuliko zote, ndiyo inayotoa mwanga mweupe wenye ubuluu unaokifanya chumba kionekane kimepoa. Ile ya 2700, yenye namba ndogo, ndiyo inayotoa mwanga wa dhahabu. Kiswahili kimezipokea dhana hizi mbili kwa pamoja na kuzipa jina moja. Naamini zinastahili majina mawili, na nyanda za chai za Kericho na Bomet nchini Kenya ni mahali pazuri pa kuyapima majina hayo, maana huku baridi ni ya kweli na watu hupaka rangi wakiwa nayo akilini.

Tuanze na balbu. Chuma kikipashwa moto kwa mhunzi huwa chekundu, kikaingia chungwa, kikawa cha manjano, kisha cheupe. Kingeweza kuendelea kupashwa bila kuyeyuka, mwanga wake ungeelekea ubuluu. Wanafizikia hutumia mpangilio huo kuueleza mwanga: husema ni halijoto gani ambayo kitu kingepaswa kufikia ili kitoe mwanga wa namna hiyo, na huipima kwa kelvini, kipimo chenye jina la William Thomson, aliyekuwa Lord Kelvin. Mshumaa ni kama kelvini 1900, jua la mchana hukaribia 5500, na anga lililofunikwa na mawingu huwa 6500 hivi. Namba hiyo, basi, ni sifa ya chanzo cha mwanga. Rangi iliyomo kwenye kopo haina kelvini hata moja, haiwaki. Ndiyo maana nasema dhana hii iitwe halijoto ya mwanga. Ukiiita halijoto ya rangi, kama wengi wanavyofasiri, mtu mwenye kopo la rangi mkononi atadhani anaambiwa habari za kopo lake.

Rangi ya ukutani ni suala jingine. Neno la kwanza linalomjia mfasiri wa istilahi ya Kiingereza warm colour ni vuguvugu, na nia yake ni njema: anataka ieleweke kwamba joto hili haliunguzi. Lakini vuguvugu ni neno lenye mizigo. Chai ya vuguvugu hurudishwa jikoni ikachemshwe tena, na huku Kericho kumpa mgeni chai ya namna hiyo ni aibu. Msomaji wa Biblia atalikumbuka kanisa la Laodikia katika kitabu cha Ufunuo, lililokemewa kwa kuwa si moto wala baridi. Na aliyeishi Kenya katika miaka ya 1990 akisikia vuguvugu atafikiria mageuzi ya vyama vingi kabla ya kufikiria sebule. Rangi changamfu nayo ni jina tamu, ila linataja ukali wa rangi. Buluu iliyokolezwa ni changamfu vilevile. Inabaki rangi ya joto, na kinyume chake rangi ya baridi. Ni maneno mepesi ambayo fundi atayaelewa bila kufafanuliwa.

Nakubali kwamba jina hili halina harufu moja kila mahali. Pwani, joto ni kitu cha kukimbiwa. Nyumba za kale za Mombasa na Lamu zilipakwa chokaa nyeupe, na mtu wa Mji wa Kale akiambiwa kwamba chumba chako ni cha rangi ya joto anaweza kukuonea huruma. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Wastani wa halijoto ni kama nyuzi 18, mvua hupenda kunyesha alasiri, na mvua ya mawe ni ya kawaida kiasi kwamba wakulima wa chai huihesabu pamoja na hasara zao nyingine. Huku watu huota jua asubuhi na huota moto jioni, na joto ni neno la kukaribisha. Istilahi nzuri inaweza kuvumilia tofauti ya namna hiyo.

Ila isichukuliwe kwamba ukuta wa chungwa utapasha chumba. Kipimajoto hakitasogea. Tafiti zilizouliza kama watu huhisi joto zaidi ndani ya chumba cha rangi hizi zimetoa majibu yanayogongana, na hata pale athari ilipoonekana ilikuwa ndogo. Kinachobadilika ni macho yanavyokipokea chumba, na hilo halihitaji kutiwa chumvi ili lithaminiwe.

Sasa chungwa lenyewe. Katika kitabu chao cha mwaka 1969 kuhusu majina ya rangi, Brent Berlin na Paul Kay waliliweka jina la rangi hii miongoni mwa yale ambayo lugha hupata mwishoni, baada ya nyeupe, nyeusi, nyekundu na nyinginezo. Kiswahili kililiazima kutoka kwa tunda, kama kilivyoliazima zambarau. Kamusi zina narinji pia, lakini sijamsikia fundi yeyote akilitaja. Mafundi husema orenji. Shida ya tunda ni kwamba hapa kwetu mara nyingi haliko katika rangi tunayoiita kwa jina lake. Machungwa ya Muheza, Tanga, ambayo husafirishwa mpaka Nairobi, huwa yameiva na ni matamu huku ganda likiwa bado kijani. Ganda la chungwa hugeuka pale usiku unapopoa na klorofili ikavunjika. Penye joto mwaka mzima hubaki kijani. Yaani rangi tunayoiweka kichwani mwa orodha ya rangi za joto, tunda lenyewe huipata kwa baridi.

Kwa hiyo kumwambia fundi "nipakie chungwa" ni kumpa kazi ya kubahatisha. Kenya kuna sababu ya ziada ya kuwa mahususi. Katika kura ya maoni ya katiba ya Novemba 21, 2005, upande wa Ndiyo ulipewa alama ya ndizi na upande wa La ukapewa chungwa. Chungwa likashinda, kikazaliwa chama cha ODM. Kericho na Bomet zilikipigia kura kwa wingi mwaka 2007, kisha zikahama. Mpaka leo ukuta wa nje wenye chungwa kali kando ya barabara unaweza kusomwa kama bango. Rangi ya nyumba haistahili kubeba mzigo huo, na jina mahususi huupunguza.

Jina ninalolipendekeza kwa chungwa la nyumbani ni chungwa la kigae: lile lililotulia, lenye wekundu wa udongo uliochomwa. Sababu yangu ni udongo wenyewe. Ardhi nyekundu ya Kericho na Bomet ilitokana na miamba ya volkano, na rangi yake ni oksidi za chuma: hematiti huleta wekundu, goethiti huleta umanjano na hudhurungi. Udongo wa manjano ukichomwa hupoteza maji yaliyofungwa ndani ya goethiti na kugeuka mwekundu, na hivyo ndivyo tofali na kigae vinavyopata sura yao. Viwanda vya rangi hutumia oksidi hizohizo. Zinafunika ukuta vizuri, hazipauki haraka juani, na bei yake ni nafuu kuliko vikolezo vya chungwa kali, ambavyo huhitaji koti nyingi kabla plasta haijaacha kuonekana. Kuna jambo zito zaidi. Rangi za mafuta za manjano na chungwa kali kwa miaka mingi zilikolezwa kwa kromati ya risasi, na risasi huharibu ubongo wa mtoto. Kiwango kinachotumika Kenya sasa hakiruhusu zaidi ya sehemu 90 za risasi kwa milioni. Penye watoto, muulize mwenye duka waziwazi kuhusu risasi, na usikwangue wala kupiga msasa rangi ya zamani ya chungwa bila kuilowesha kwanza. Vumbi lake ndilo hatari.

Wenyeji walikuwa na udongo huu ukutani kabla ya makopo kufika. Wanawake wa Kipsigis walisiriba nyumba kwa udongo na samadi ya ng'ombe, na ukuta ukachukua rangi ya uwanja. Leo alama ya udongo iko chini ya ukuta wa plasta: mvua ikipiga ardhi tupu hurusha matope mpaka usawa wa goti, na nyumba iliyopakwa krimu Januari huwa na mkanda mwekundu wa madoa kabla ya Mei. Tazama maduka ya Litein au Silibwet utaona wengi wamepaka mkanda wa rangi ya mafuta chini ya ukuta, wa hudhurungi au maruni. Mkanda wa chungwa la kigae hufanya kazi hiyo na bado unapendeza. Anayetaka kuiona rangi hii kwa ukubwa aende kwenye Kanisa Kuu la Moyo Mtakatifu mjini Kericho, lililochorwa na ofisi ya John McAslan ya London na kukamilika mwaka 2015. Paa lake refu la vigae vya udongo limeinuka juu ya kijani cha mji, na ndani dari limevikwa mbao za saiprasi. Wekundu na kijani hukaa pande zinazotazamana za gurudumu la rangi, na kila moja huikoleza nyingine. Sioni jengo jingine katika kaunti hii lililoielewa nchi yake vizuri zaidi.

Ndani ya nyumba, amua kwa macho. Nunua kopo la lita moja, paka koti mbili kwenye kipande cha ukuta kinachotazamana na dirisha, upana wa mikono iliyonyooshwa. Saa nne asubuhi, jua likiwaka, kipande kitang'aa. Saa kumi jioni mawingu yakishatanda, kitaonekana kimezama kidogo. Rangi ya chungwa hurudisha mawimbi marefu ya mwanga, yale ya nanomita 590 na kuendelea, na humeza buluu. Mwanga wenye buluu nyingi huipa kidogo cha kurudisha. Dirisha likitazama shamba la chai, mwanga huingia na ukijani, na ukuta huegemea hudhurungi. Usiku washa taa ya stima. Ikiwa ni ya 6500, aina inayopatikana kila duka, uzuri wote uliolipia utafifia. Badilisha na ya 2700 au 3000, ukuta utafufuka. Hapa ndipo yale majina mawili yanapolipa gharama yake: rangi ya joto inahitaji mwanga wenye halijoto ya chini, na sentensi hiyo isingesemeka kama dhana zote mbili zingeitwa joto la rangi.

Ukishuka kutoka Bomet mjini kuelekea Sigor na Chepalungu, chai inaisha, mvua inapungua na jua linachoma. Huko punguza: changanya kigae na nyeupe nyingi, au kipake ukuta mmoja tu, mitatu iwe krimu. Dari liwe jeupe kote, nyanda za juu na za chini, kwa kuwa ndilo linalosambaza mwanga wa dirisha.

Karatasi ya kumpa fundi iandikwe hivi: rangi ya joto, chungwa la kigae, ya maji, isiyong'aa, koti mbili juu ya koti ya msingi, balbu ziwe na halijoto ya mwanga ya 2700 hadi 3000. Duka likichanganya kwa mashine, nakili namba ya mchanganyiko iliyobandikwa kwenye kifuniko, na nunua yote ya chumba kimoja siku moja, kwa sababu makopo mawili yenye jina lilelile yaliyochanganywa kwa nyakati tofauti huweza kuonyesha mpaka katikati ya ukuta.