Ridhaa na Ujira

Neno ridhaa, ambalo katika asili yake ya Kiarabu ni kukubali na kuwa radhi, limeingia katika kurasa zetu za michezo kwa maana ya mchezo usiolipiwa, kama zilivyo ngumi za ridhaa mbele ya ngumi za kulipwa, utadhani apokeaye ujira ameburutwa ulingoni. Naona limeonewa. Hapa Tura, ambapo misafara iliyokwisha kuvuka nyika ya Mgunda Mkali iliingia Unyamwezi, wapagazi walipatana ujira kwanza, ndipo wakajitwika mizigo. Nani aliyekuwa radhi kuliko wao? Ama Rob Fahey wa Australia, aliyeutwaa ubingwa wa dunia mwaka 1994 katika ile tenisi kongwe ichezwayo baina ya kuta nne, yeye ni wa kulipwa, na walipwao katika mchezo huo hufundisha wanachama, hukaza nyuzi za raketi, hata mipira huishona kwa mikono yao. Filbert Bayi wetu, aliyevunja rekodi ya dunia ya mita 1500 mwaka 1974, alikimbia katika zama za ridhaa; je, alikuwa radhi kuliko Fahey? Lakini desturi imeshika. Nami, kwa ridhaa yangu, naifuata.