Sonona baada ya Kujifungua

Sonona baada ya kujifungua ni ugonjwa wa akili unaompata mama katika wiki au miezi ya mwanzo ya uzazi. Shirika la Afya Duniani hukadiria kwamba karibu asilimia 13 ya wanawake waliojifungua hupata matatizo ya akili, hasa sonona. Katika nchi zinazoendelea hufikia karibu asilimia 20.

Si kila chozi la mzazi ni sonona. Wengi hulialia na kukereka ovyo kuanzia siku ya 3 hadi ya 5, na hali hiyo hutulia yenyewe ndani ya wiki 2. Sonona haitulii. Mama hachangamkii kitu, chakula hakipiti, hujiona hafai, hukesha hata mtoto akiwa amelala. Yaweza kuanza hata baada ya arobaini, waliokuwa wakimkanda na kumpikia wameshaondoka.

Homoni zina sehemu yake. Wakati wa ujauzito kondo la nyuma huzalisha estrojeni na projesteroni kwa wingi. Likishatoka, viwango vya homoni hizo huporomoka ndani ya siku chache. Lakini mporomoko huo humpata kila mzazi. Mbona huugua baadhi tu?

Mwaka 2000 watafiti wa Marekani walichapisha jaribio lililotoa mwanga. Wanawake 16 wasio wajawazito walipewa homoni hizo kwa kiwango kikubwa, kisha wakaachishwa bila wao kujua lini. Kati ya 8 waliowahi kuugua sonona ya uzazi, 5 walirudiwa na dalili. Kati ya 8 wasiowahi kuugua, hakuna hata mmoja. Ubongo wa baadhi ya wanawake, basi, huyumbishwa zaidi na mabadiliko yaleyale. Ufukara, upweke na kipigo cha nyumbani huongeza hatari.

Kipimo kinachotumika sana ni dodoso la Edinburgh la mwaka 1987: maswali 10 kuhusu siku 7 zilizopita, kila jibu alama 0 hadi 3. Mmoja wa waasisi wake, John Cox, alikuwa amewachunguza wajawazito Uganda katika miaka ya 1970.

Tiba ni ushauri nasaha na dawa, zikiwemo zinazofaa kwa anayenyonyesha, kama sertralini. Mwaka 2023 Marekani iliidhinisha zuranoloni, kidonge cha siku 14 mahususi kwa ugonjwa huu. Mzazi anayewaza kujiua au kumdhuru mtoto, au anayesikia sauti zisizokuwepo, asiachwe peke yake. Apelekwe hospitali siku hiyohiyo.