Vanikoro: lugha tatu, sarufi moja

Mwaka 1788 meli mbili za Kifaransa, Boussole na Astrolabe, ziligonga miamba ya Vanikoro zikazama. Mkuu wa msafara, La Pérouse, hakuonekana tena, na kwa karibu miaka 40 Wafaransa hawakujua alikoangamia. Kisiwa hicho kiko mkoa wa Temotu, mashariki kabisa ya Visiwa vya Solomon. Nahodha Peter Dillon alikifikia mwaka 1827, baada ya kuona vitu vya Kizungu mikononi mwa watu wa Tikopia na kuulizia vilikotoka. Mwaka uliofuata akaja nahodha Mfaransa Dumont d'Urville, na meli yake nayo iliitwa Astrolabe.

Ndani ya meli hiyo alikuwamo tabibu Joseph Paul Gaimard. Wenzake walitafuta nanga na mizinga. Yeye alikwenda kukaa na wanakijiji siku chache, akirekodi maneno yao, hadi akarudi chomboni ana homa. Orodha yake ilichapishwa mwaka 1834, nayo ilionyesha kwamba kisiwa kisichofika kilomita 200 za mraba kilikuwa na lugha tatu: Kiteanu kaskazini mashariki, Kilovono kaskazini magharibi na Kitanema kusini. Zote ni za ukoo wa Austronesia, tawi la Oseania. Kimalagasi cha Madagaska ni ndugu yao wa mbali.

Sasa tazama. Kusema "tulikuwa shambani kwetu", Mteanu husema pi-te ne sekele iupa. Mlovono: nupe-lu ne amenonga iemitore. Mtanema: tei-o ne vasangola akegamuto. Neno linalofanana ni ne tu, lenye maana ya "katika". Lakini mpangilio ni ule ule mmoja: kiambishi cha mtenda, kitenzi, "katika", shamba, kisha "letu". Msemaji wa Kiswahili ataufuata bila taabu. Atakwama kwenye "sisi", maana hapo msikilizaji ametengwa: shamba ni letu, wewe humo. Akiwamo, viambishi hubadilika, na watu wawili hawahesabiwi sawa na wengi. Vitenzi navyo havibebi wakati. Kiambishi huonyesha kama jambo limeshatokea au bado ni la kufikirika.

Alexandre François, mwanaisimu Mfaransa, alikwenda huko mwaka 2005 pamoja na msafara wa wapiga mbizi na wanaakiolojia waliokuwa wakichunguza mabaki ya zile meli za La Pérouse. Kwa maoni yake, majirani hawa waliishi kwa kuoana na kusemeshana vizazi kwa vizazi, sarufi zikalingana, huku kila upande ukishikilia maneno yake kama alama ya kwao. Kwangu hilo ndilo la kustaajabisha kuliko mizinga yote iliyoopolewa baharini.

Mchanganyiko huo uliodumu karne nyingi ukavunjika upesi. Maradhi yaliyoletwa na wageni yalipunguza sana watu wa kisiwa, na waliosalia wakakusanyika kwenye Kiteanu. Kuanzia miaka ya 1920 kampuni ya mbao ilikata miti ya kauri hadi miaka ya 1960, na Kipijini, lugha iliyotokana na Kiingereza, ndicho kinachounganisha wananchi wa Solomon leo. Kiteanu bado kina wasemaji mamia kadhaa na watoto hukizungumza. François alipofika, Kilovono kilikuwa na wazee wachache wanaohesabika kwa vidole vya mkono mmoja. Kitanema alikijua mzee mmoja, na hata yeye kila siku alizungumza Kiteanu, kwa kuwa hakuwa na wa kumjibu. François alimrekodi. Pwani ya kusini leo kuna vijiji vya Watikopia, ambao lugha yao ni ya Polinesia.