Aliyebaki Kwa Sundu

 

Kila juma watu wetu wamo njiani. Wengine hutoka Kitale, wakapita Kiminini, Kamukuywa na Webuye, hata wakafika Bungoma kwa arusi, matanga au mkutano wa injili. Kabla ya kukodi gari twaulizana habari za nauli na chakula. Ni mara chache twaulizana: tutakwenda na nani? Na tukiuliza, twamtafuta aliye kama sisi, wa rika letu na lugha yetu. Leo tuitazame safari moja ya zamani iliyopita kusini ya Bungoma, tuone kama kipimo hicho chatosha.

Mwaka 1885 askofu James Hannington alitaka kufika Uganda. Mara ya kwanza, mwaka 1882, alishika njia ya kusini ya ziwa, lakini ugonjwa ukamrudisha kwao Uingereza. Mara hii alichagua njia ya nchi ya Wamasai. Joseph Thomson alikuwa ameipita mwaka 1883, naye hakuipita kwa nguvu zake peke yake. Aliposhindwa kuendelea, alijiunga na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyi biashara Mswahili aliyeyajua mambo ya njia hiyo. Mtu mwenye busara hukubali kuongozana na mwenye kujua.

Hannington naye alimchukua nani? Alimchukua William Jones, shemasi Mwafrika aliyempa daraja hiyo mwaka ule ule. Jones alikuwa Myao. Aliuzwa utumwani akiwa mtoto, akakombolewa, akalelewa na wamisheni huko Bara Hindi, kisha akaja kutumika pwani yetu. Tazameni tofauti yao! Mmoja ni Mwingereza wa nyumba yenye mali, mtu wa mwendo wa haraka. Mwingine alionja minyororo. Kwa kipimo chetu cha rika na lugha, hawa wasingechaguana kamwe.

Waliondoka Rabai mwezi wa Julai na wapagazi zaidi ya 200. Wakavuka nyika na milima hata wakafika Kwa Sundu, katika nchi ya Wawanga, mahali paitwapo Mumias siku hizi. Hapo iliwapasa kuamua. Askofu aliona afadhali atangulie upesi na watu 50, na Jones abaki na mizigo na watu wengine wote. Mwezi wa Oktoba wakaagana.

Hawakuonana tena. Watawala wa Buganda waliwaogopa wageni waliotokea upande wa mashariki. Hannington alikamatwa Busoga, na tarehe 29 Oktoba 1885 akauawa pamoja na karibu watu wake wote.

Habari zilipomfikia Jones, hebu fikirini hali yake. Pwani ni mbali, mbele ni hatari, na watu wapata 150 wanamtazama yeye. Hakuwatupa. Alingoja majuma kadhaa apate hakika ya mambo, kisha akawaongoza njia ile ndefu ya kurudi. Mwezi wa Februari 1886 waliingia Rabai na bendera yenye neno Ikabodi, yaani utukufu umeondoka. Baba aliyemtuma mwanawe kubeba mizigo ya askofu, alimpokea mkononi mwa Jones.

Ndugu zetu, twajifunza nini? Kwanza, wasafiri hawapatani kwa kufanana, bali kwa kukubaliana. Nabii Amosi alikwisha kutuuliza jambo hilo zamani. Basi tusemezane kabla ya kuondoka: twaenda wapi, saa ngapi, kwa fedha ya nani, na nani atasema neno la mwisho.

Pili, mwenye mbio na mwenye subira wote wawili wana kazi. Anayetaka kutangulia asimdharau anayebaki na mizigo. Kama Jones naye angetangulia, nani angewarudisha wale wengine nyumbani?

Tatu, kuachana njiani si lazima kuwe ugomvi. Hannington na Jones waliachana kwa mapatano. Paulo na Barnaba waliachana kwa mashindano makali kwa ajili ya Yohana Marko. Hata hivyo, katika uzee wake Paulo aliagiza Marko aletwe kwake, kwa kuwa alimfaa. Ikiwa safari imewakosanisha na mtu, mlango wa kupatana haujafungwa.

Wazee husema, akufaaye kwa dhiki ndiye rafiki. Mwaka 1892 mifupa ya Hannington ilizikwa Namirembe, na jina lake lakumbukwa mwaka hata mwaka. Jina la Jones wachache walijua. Lakini sisi, tukipanga safari yetu ijayo, tusiulize tu ni nani atakayetuchekesha garini. Tuulize ni nani atakayewafikisha watu wetu nyumbani ikiwa sisi hatutarudi. Kisha tujitahidi sisi wenyewe kuwa mtu huyo kwa wenzetu.

Bwana awalinde kutoka kwenu na kuingia kwenu. Amina.